Jina la Mama Ndahani Kwenye Mpango wa Dharura

Wiki mbili baada ya kustaafu, vijana wa kitengo cha mifumo waliniita Mtumba wakanionyesha chumba chao cha mashine. Kina baridi hata nikajuta kuacha koti. Wana jenereta mbili, betri za ukutani, na mtambo mwingine unaofanana na wa hapo, umewekwa mji mwingine ukisubiri wa hapo ufe. Nikawapongeza, walistahili. Wakaniomba niwaandikie niliyojifunza kuhusu namna ya kuendelea na kazi mtambo unapozima. Nikauliza kurasa ngapi, wakasema zozote. Haya basi. Anayetaka kujua nilipanda cheo lini aende masjala akafungue faili, mimi sitapoteza wino kwa hayo.

Nilifika Dodoma kutoka Kondoa nikiwa na cheti cha ufundi wa simu, shuka moja, na imani kwamba najua kila kitu. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena, sabuni zikawa za kila rangi, na kila mtu akajifunza kutamka soko huria bila kujua litamfanya nini. Kituo chetu cha simu kilikuwa jengo la zamani lenye kuta nene, si mbali na reli. Ndani mlikuwa na chumba cha mtambo, uliokuwa ukitoa sauti ya kuchapachapa mchana kutwa, chumba cha betri, na chumba kirefu cha maopereta chenye swichibodi. Kwa nyinyi mliozaliwa na simu mkononi: swichibodi ni ubao mkubwa wenye matundu mengi, kila tundu ni laini ya mtu. Taa ikiwaka, opereta anachomeka waya, anauliza namba, kisha anachomeka waya wa pili kwenye tundu la anayetafutwa. Basi. Mazungumzo ya mji mzima yalipita kwenye vidole vya wanawake sita.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa Iringa, mkimya, mwenye mikono iliyounguzwa na tindikali. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi wala koleo. Alinipeleka chumba cha betri akaniambia nivute pumzi, nikavuta, nikakohoa hadi machozi. Akasema betri haifi ghafla, inaaga kwanza, ni mafundi tu ndio hawaitikii. Kuanzia hapo kila asubuhi nilianza kwa kunusa betri kabla ya kunywa chai. Nawaambia hili kwa sababu kwenye chumba chenu cha Mtumba sikuona mtu akinusa chochote. Mnatazama skrini. Skrini nayo inaishi kwa umeme uleule mnaouchunga, na hilo mlifikirie siku mkiwa hamna kazi.

Siku ya pili nikapelekwa kwa maopereta, nikaonane na Mama Ndahani, mkubwa wao. Alikuwa Mgogo wa Chamwino, mwembamba, mwenye kisikilizio kichwani muda wote kana kwamba kimemwotea hapo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka, huku mikono yake ikichomeka na kuchomoa. Mtu akipiga kumtafuta daktari wa zamu, Mama Ndahani hakuunganisha nyumbani kwa daktari. Alisema, "Leo Jumanne yuko misheni, ngoja nikupeleke huko." Alijua nani amesafiri, nani amelazwa, fundi pampu wa mji yuko kisima gani. Haya hayakuandikwa mahali popote, yalikuwa kichwani mwake, na sisi tuliona ni umbea wa kawaida wa maopereta.

Akaniambia nikae kwenye kiti kitupu pembeni yake anifundishe ubao. Nikacheka. Ninyi hamwezi kuelewa, lakini kwetu fundi hakukaa kwenye swichibodi. Ile ilikuwa kazi ya wanawake. Fundi alipanda nguzo, alichomea waya kwa risasi, alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akapita chumba cha maopereta akitaniwa na kutania, kisha akaondoka. Aliyekaa pale angeitwa dada mpaka kustaafu. Nikamwambia mama, mimi nimesomea nyuma ya ubao, mbele yake nawaachia wenyewe. Hakukasirika. Alisema kiti kipo siku nikichoka kutembea. Kiti kile nilikipita kwa miaka saba bila kukikalia hata mara moja.

Kisha ukaja mtambo mpya, wa dijitali, makabati manne ya rangi ya maziwa yaliyofanya kazi ya chumba kizima. Wageni waliokuja kuufunga walivaa kaptula na kunywa maji ya chupa, jambo lililotushangaza kuliko mtambo wenyewe. Siwadanganyi, nilijiona kidume. Nilikuwa mmoja wa mafundi wawili waliopelekwa kusomea ule mtambo, na niliporudi niliongea kana kwamba mimi ndiye niliyeuunda. Na mageuzi yalikuwa yamepamba moto. Mashirika yalipunguza watu kila mahali, na kila ofisi ilikuwa na orodha iliyofungiwa kwenye droo ya mkubwa.

Siku moja Meneja aliniita kwenye kikao, nikakaa na wakubwa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Akaniuliza, mbele ya watu wote, kama mtambo mpya unahitaji maopereta. Lilikuwa swali la ufundi na jibu lake la ufundi nilikuwa nalo. Nikasema, "Hauhitaji hata mmoja." Nikaketi. Nakumbuka niliona fahari kwa kuwa jibu langu lilikuwa fupi.

Mwezi uliofuata maopereta wote sita walipunguzwa. Walipewa barua, soda, na hotuba. Mama Ndahani alivua kisikilizio, akakifuta kwa khanga, akakitundika msumarini. Akapita kwetu mafundi akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Aliponifikia mimi hakusema lolote la kunichoma, na wala sijui kama aliambiwa nilichosema kikaoni. Alisema anarudi Chamwino kulima, na kwamba mumewe, Mwalimu Ndahani, alikuwa ameanza kuumwa hivyo labda ni heri awe karibu naye.

Ubao wenyewe haukutupwa. Wageni wa kaptula walishauri tuache kipande chake, laini ishirini tu za muhimu: hospitali, polisi, zimamoto, stesheni ya reli, maji, hospitali ya misheni na nyingine kama hizo. Mtambo ukifa, fundi angehamisha laini hizo kwenda kwenye ubao kwa mkono. Shauri zuri, hata leo nalisifu. Na kwa kuwa walituachia ubao wakataka pia mpango wa maandishi: nani afanye nini, saa ngapi, na asipokuwepo nani ashike nafasi yake. Makao makuu walituma fomu. Kazi ya kuijaza nikapewa mimi.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye kazi yenu. Fomu ilikuwa na safu mbili, Mhusika na Mbadala wake. Kwenye kuhamisha laini niliandika jina langu na la mwenzangu. Kwenye jenereta nikaandika mlinzi na dereva. Nikafika kwenye mstari wa kuendesha swichibodi, kalamu ikakwama. Hatukuwa na mtu. Mkaguzi alikuwa anafika kesho yake, na fomu yenye nafasi tupu ilikuwa inarudishwa. Nikaenda kwa Meneja. Akasema weka jina lolote la anayeijua kazi, tutarekebisha baadaye. Nikaandika: Mhusika, Mama Ndahani, Chamwino. Mbadala, nikaandika opereta mwingine ambaye nilikuwa na habari kwamba alishahamia Tabora kwa mwanawe. Mkaguzi akaisoma, akaisifu kwa mwandiko safi, akagonga muhuri. Kila mwaka baada ya hapo tulifanya zoezi la dharura. Tulikaa mezani, tukasoma mpango kwa sauti, kila mmoja akasema nimeelewa, tukatia sahihi, tukanywa chai. Mama Ndahani hakuwahi kuambiwa kwamba yumo. Kumtafuta ningepoteza nusu siku, nami niliona ni usumbufu.

Mtambo ulikufa msimu wa mvua, alfajiri, kwa radi. Dodoma mvua ni chache lakini radi zake hazina masihara. Radi iliingilia njia ya umeme, ikaunguza kifaa cha kuchajia betri, na betri zenyewe nilikuwa nimeacha kuzinusa tangu makabati ya maziwa yalipokuja. Zilishika kwa dakika chache tu. Nilipofika, mtambo wote ulikuwa kimya, na kimya kile kikanitisha kuliko kelele yoyote. Mji mzima haukuwa na simu. Nawaambia pia kwamba asubuhi ile hatukupokea lalamiko hata moja, maana malalamiko yote yalikuwa yanakuja kwa simu.

Sehemu yangu niliifanya vizuri. Nilihamisha laini ishirini kwa muda usiozidi saa moja, na taa za ubao zikawaka kwa betri za akiba. Kisha nikakaa kwenye kile kiti. Taa ya hospitali ikawaka, nikachomeka, wakaniomba polisi, nikawapa kituo cha pampu za maji. Nikachomoa ili nirekebishe, nikawa nimekata stesheni na misheni waliokuwa wanaongea. Taa nne zikawaka pamoja. Daktari mmoja alinitukana kwa upole, kama madaktari wanavyojua, akaniuliza kama hakuna mtu mzima hapo. Nikavua kisikilizio. Nikatoa ule mpango kabatini, nikasoma jina ambalo nililiandika mwenyewe, nikamwita dereva.

Tulimkuta Mama Ndahani nje ya nyumba yake, kwenye kijia kilichoteremka kutoka barabara kuu, anaosha bomba la sindano. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama gari kisha akanitazama mimi. Nilimweleza kwa haraka. Hakuelewa kwa nini nimemfuata yeye. Nikalazimika kusema kwamba jina lake limo kwenye mpango wetu wa dharura, limo tangu alipoondoka.

"Mmeniandika?" akauliza. "Mbona sikuambiwa?"

Akanikaribisha ndani. Mwalimu Ndahani alikuwa amelala kitandani, kisukari kilishamla macho, haoni kitu. Alinisikia, akaniita fundi, akaniuliza habari za mjini kwa Kiswahili kile cha walimu wa zamani, kila neno limenyooshwa. Dawa yake mama aliihifadhi kwenye chungu kidogo kilichofukiwa kwenye mchanga mbichi pembeni ya chumba, maana jokofu hawakuwa nalo. Alikuwa amemdunga sindano punde tu. Akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akielekeza wapiga simu, kwamba akishadungwa lazima ale. Uji sasa hivi, na ugali saa saba. Akipitiliza anaanza kutoka jasho, anatetemeka, kisha anapotea, na peke yake hawezi hata kuufikia mlango. Majirani wote walikuwa mashambani kwa palizi na wangerudi jioni jioni.

Alitaka kwanza asage unga, asonge ugali, auache karibu naye. Unga haukuwepo, ilikuwa miezi ile ghala zinapokauka na watu wanatwanga kiasi cha siku. Kutwanga, kupepeta na kusonga kungechukua zaidi ya saa moja. Nami nikaona taa nne zile zikiwaka kichwani mwangu. Nikamwambia hatuna muda, mama, gari litakurudisha hapa kabla ya saa saba, nakuhakikishia mimi.

Alimtazama mumewe. Mwalimu akasema aende, watu wa hospitali wasikae bila simu, yeye ataumaliza uji wake polepole. Mama Ndahani akamwekea kibuyu cha uji mkononi, akamfunga vidole vyake kukizunguka. Akanigeukia.

"Saa saba, Iddi."

"Saa saba, mama," nikasema.

Alikaa kwenye ubao kama mtu aliyetoka jana. Ndani ya nusu saa mji ulikuwa unaongea. Sikuamini. Alikuwa anawatambua watu kwa sauti, wengine wakashangilia kumsikia, naye akawaambia watasalimiana baadaye. Mnamo saa tano basi la abiria lilipinduka huko njia ya magharibi, na hapo ndipo nilipoona kazi ambayo sitaiona tena. Hospitali ilitaka damu, misheni ilikuwa nayo, polisi walikuwa na gari, stesheni walikuwa na machela. Aliwashika wote kwa nyaya kumi, akawapitisha mmoja baada ya mwingine, hakupandisha sauti. Mimi nilisimama nyuma yake nikishika bisibisi isiyo na kazi.

Saa sita mlinzi akaja kuninong'oneza kwamba Meneja amechukua gari. Mgeni wa makao makuu alikuwa anakuja kwa ndege ndogo kuangalia hasara, na gari lililokuwa likitembea ni lile moja tu. Ndege ilichelewa kwa mawingu, na Meneja hakutaka gari liondoke kiwanjani kwa kuwa mgeni angeweza kutua wakati wowote. Nilijua hilo saa sita, na nataka mlielewe vizuri. Hakuna aliyenificha jambo.

Saa sita na nusu Mama Ndahani aliinua upande mmoja wa kisikilizio akauliza gari liko wapi. Nikasema liko njiani, limekwenda kutia mafuta. Akarudi kwenye ubao. Saa saba na robo akauliza tena. Nikasema limepata pancha, wanaziba, litakuwa hapa sasa hivi. Safari hii alinitazama usoni muda mrefu kidogo, taa ikawaka, akageuka kuipokea.

Nilidanganya kwa nini? Nimejiuliza hili miaka yote. Si kwamba nilikuwa mtu mbaya, ingawa siwakatazi kufikiri hivyo. Niliogopa akijua gari halipo atanyanyuka, na akinyanyuka ubao unabaki na mimi, na mimi nilishaona asubuhi ninavyouweza. Nilijiambia uji ule ulikuwa mwingi. Nilijiambia nusu saa si kitu. Kila dakika kumi nilikuwa natoka nje kutazama barabara, narudi na uso wa mtu aliyeona vumbi la gari kwa mbali.

Gari lilirudi saa tisa kasoro. Damu ilikuwa imeshafika hospitali, na majeruhi waliobaki hai walikuwa mikononi mwa madaktari. Mama Ndahani alivua kisikilizio akakiweka mezani, hakukitundika. Taa mbili zilikuwa zinawaka, akaziacha. Tukaingia garini. Gazeti la mgeni lilikuwa bado kwenye kiti, na yeye akalishika mapajani njia nzima bila kulifungua.

Mwalimu tulimkuta sakafuni, katikati ya kitanda na mlango. Alikuwa ametambaa. Kibuyu kilikuwa tupu. Alikuwa bado anapumua, kwa mkoromo, mwili wote umelowa jasho kama aliyetolewa mtoni, na hakuitikia jina lake. Mama akakoroga maji ya sukari akampaka kwenye fizi, akamwita, akamwita tena kwa Kigogo. Tulimbeba tukamlaza garini. Nilikaa nyuma nikishika miguu yake. Hatukufika hospitali.

Tulimzika kesho yake, manyunyu yakianguka. Kazini walichanga, Meneja alituma rambirambi. Siku ya tatu akaniambia niandike ripoti, maana mgeni aliporudi alikuwa amefurahi sana. Nikaandika. Mpango wa dharura ulitekelezwa kama ulivyopangwa. Huduma muhimu zilirejea ndani ya saa chache. Mhusika aliyetajwa alipatikana na alifika kazini. Kwenye mstari wa hasara, Meneja alikuwa amesimama begani kwangu. Akasema hasara ni kifaa cha kuchajia tu. Nikaandika hivyo. Kila sentensi humo ni ya kweli, mnaweza kuikagua. Ripoti ile ilipelekwa mikoa mingine iwe mfano, na mimi nikapelekwa nayo kuifundisha. Nilisimama mbele ya watu na chaki mkononi nikieleza jinsi jina sahihi kwenye safu sahihi linavyookoa mji. Walikuwa wanaandika.

Baada ya hapo niliukalia ubao. Nilijifunza peke yangu siku za Jumamosi, mlango umefungwa ili mafundi wenzangu wasinione. Kumbe laini ishirini si kitu. Ndani ya mchana mmoja nilikuwa naziendesha bila kukata mtu. Mchana mmoja! Na nilikuwa nimekipita kile kiti miaka saba. Nilipogundua hivyo nilifunga chumba nikalia, na sioni aibu kuliandika.

Nililobadilisha baadaye kwenye mipango mnalijua, maana mnalilalamikia hadi leo: kwamba hakuna jina linaloingia bila mwenyewe kutia sahihi mbele yangu, kwamba kila fundi aendeshe kila kifaa kwa mkono wake mara mbili kwa mwaka, kwamba zoezi la mezani si zoezi. Mliniita mzee wa sahihi. Sikuwaeleza sababu. Leo nimewaeleza, lakini imebaki sehemu moja.

Miaka miwili baada ya msiba simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana mjini, na makao makuu wakaagiza ubao uuzwe kama chuma chakavu. Nilimwona fundi chuma akiuvunja kwa nyundo, nikashindwa kuvumilia. Nikaomba gari, nikaenda Chamwino kumwambia Mama Ndahani ukweli. Nilibeba kilo mbili za sukari, kama anavyofanya yeyote anayekwenda kwa mtu. Nilipofika uani ndipo nikatambua nilichobeba, nikarudi nikaiacha garini.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anabangua karanga za mbegu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda cha pili. Nikamwambia yote. Nikamwambia gari halikwenda kutia mafuta wala halikupata pancha. Lilikuwa kiwanja cha ndege linasubiri mgeni, nami nilijua tangu saa sita, nikamdanganya mara mbili ili asiuache ubao. Niliongea nikitazama karanga. Nikamaliza, nikangoja anifukuze.

Vidole vyake vikaendelea kubangua, kisha vikasimama.

"Mimi nilidhani gari linakuja kweli," alisema. "Ndiyo maana sikuomba lingine."

Sikuelewa. Akanitazama, akaona sijaelewa, akanieleza taratibu, kwa sauti ileile ya kwenye ubao.

"Polisi nilikuwa nao sikioni mchana wote, Iddi. Misheni nilikuwa nao. Stesheni nilikuwa nao. Yule mkuu wa polisi aliniuliza mwenyewe, mama, tukusaidie nini. Nikamwambia asante, gari langu liko njiani. Ungesema halipo, ningemwomba amtume mtu kwa Mwalimu na ugali wa kantini yao. Ni dakika arobaini. Mimi wala nisingeinuka kwenye kiti."

Yeye hakulia wala hakunilaani, na laiti angenilaani. Alichukua ungo wake, akapepeta kidogo, maganda yakaruka yakaangukia viatu vyangu.

"Basi nenda," akasema. "Gari linakungoja."

Nikainuka, nikatoka hadi barabarani. Safari hii lilikuwa linangoja kweli.